Kubadili ekzosi ya gari la zamani bila kuua masega, sensa wala injini

Ukifika gereji ukasema unataka ekzosi yenye sauti nzito, jibu la kwanza mara nyingi ni: "Hayo masega tuyatoe, gari lipumue." Utalisikia Gerezani, Dar es Salaam, utalisikia Kirinyaga Road, Nairobi. Kabla hujakubali, jiulize nani anafaidika. Ndani ya masega, kile chombo cha kusafisha moshi (catalytic converter), kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kali, na wanunuzi wa masega chakavu wapo kila mji. Fundi anayekutolea masega "bure" halafu akabaki nayo hajakufanyia hisani. Amelipwa, na aliyemlipa ni wewe.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la petroli la Kijapani la kati ya 1995 na 2008 hivi: Corolla NZE121, Mark II GX110, X-Trail ya mwanzo, Forester SF5 au SG5, na jamii hiyo. Dizeli sitaigusa, ina mambo yake. Kanuni ninayoisimamia ni moja: kila kilichoko kuanzia kwenye injini hadi mwisho wa masega ni mali ya injini, kiache au kirudishe kama kilivyokuwa. Kinachofuata nyuma yake ndio uwanja wako wa kuchezea. Sauti unayoitafuta iko huko nyuma.

Jua kilichoko chini ya gari lako

Moshi ukitoka kwenye silinda unapita kwenye manifoldi, unakutana na sensa ya oksijeni ya mbele, unaingia kwenye masega, kisha bomba la kati, risoneta (chombo cha kupunguza mvumo) kama ipo, na mwisho sailensa kubwa ya nyuma. Magari mengine yana sensa ya pili baada ya masega. Mengine yana masega mawili: madogo yaliyoshikana na manifoldi, na makubwa chini ya sakafu. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya 1990 hayana sensa ya nyuma kabisa, kwa hiyo usimwamini anayekwambia "imeibiwa" kabla hujaingia kwenye shimo la gereji na kuona kama kuna tundu la kuiwekea.

Masega yenyewe ni tofali la kauri lenye vijitundu vingi sana, 400 hadi 600 katika kila inchi ya mraba kwa masega ya kiwandani, yaliyopakwa yale madini. Hewa chafu za aina tatu zinapopita humo zinabadilika: kaboni monoksidi inakuwa kaboni dayoksidi, mabaki ya petroli yanakuwa maji na kaboni dayoksidi, na oksidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Yanaanza kufanya kazi yakishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Na yanafanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unapokaa karibu sana na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Anayelinda kipimo hicho ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikisaidiwa na sensa ya mbele. Ndiyo maana nasema eneo hilo ni mali ya injini: ukilichezea, matumizi ya mafuta yanaharibika kabla hata hujafikiria habari za moshi.

Kuna kifaa kingine ambacho mafundi wengi hukichanganya na sensa ya oksijeni. Magari mengi ya Kijapani yana waya wa kupimia joto la masega, nao huingia ndani ya gari kupitia tundu la sakafu na kuchomekwa chini ya zulia, karibu na kiti. Ukiwasha swichi utaona kwenye dashibodi taa yenye herufi 排気温, yaani joto la moshi. Taa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani maana yake masega yanaungua. Punguza mwendo, simama, na usiegeshe juu ya nyasi kavu. Fundi akikata waya huo ili atoe bomba kirahisi, gari litaendelea kutembea kama kawaida, ila umepoteza king'ora chako.

Halafu kuna EGR, inayorudisha moshi kidogo kwenye injini ili kupunguza joto la mwako, na kanista ya mkaa inayonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi. Hivi havimo kwenye ekzosi yenyewe lakini mipira yake hupita karibu, na kazi ya ekzosi ndiyo huwa chanzo cha kuchomolewa na kusahaulika. Magari mengi yana mchoro wa mipira ya vakyumu chini ya boneti. Upige picha sasa, kabla kutu haijaufuta.

Hatua ya 1: Pima gari kabla hujakata kitu

Usibadilishe ekzosi kwenye gari usilolijua hali yake. Ukifanya hivyo, kila tatizo litakalojitokeza baadaye litasingiziwa ekzosi mpya, na hutajua ukweli uko wapi.

Soma kodi za hitilafu. Kwa gari la karibuni, kidude cha Bluetooth cha ELM327 na simu vinatosha. Kwa gari la Kijapani la kabla ya 2003 hivi, soketi inaweza kukubali kidude lakini mawasiliano yakagoma, kwa sababu umbo la soketi ni moja ila lugha si moja. Hapo tafuta gereji yenye mashine ya Kijapani. Toyota za zamani zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC: unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na taa ya injini inahesabu kwa kumweka. Ikimweka mfululizo kwa kasi ileile, hakuna kosa. Ikimweka mbili, ikatulia, kisha moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Soma maandishi ya ndani ya kifuniko mara mbili kabla ya kuchomeka waya, kwa sababu ukikosea tundu unaweza kuunguza saketi.

Kodi utakazokutana nazo sana kwenye kazi hii ni P0420, masega hayafanyi kazi ipasavyo. P0141, hita ya sensa ya nyuma. P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. P0300, injini inamisi. Na P0401, EGR haipitishi moshi wa kutosha.

Kisha pima kama masega yameziba. Njia ya kweli ni kufungua sensa ya mbele na kufunga geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, presha isizidi psi 1.5. Ukiikanyaga hadi mizunguko 2500, isizidi 3. Ikizidi, kuna kitu kimeziba, na si lazima kiwe masega. Niliwahi kuona sailensa ambayo bati la ndani lilikuwa limeanguka na kuziba bomba, huku masega yakiwa mazima kabisa. Kama huna geji ya presha, geji ya vakyumu kwenye inteki inasaidia: gari zima hukaa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki likiwa sailensi. Ishikilie kwenye mizunguko 2500. Mshale ukianza kushuka polepole bila kupanda tena, moshi unakosa njia.

Mwisho, gari likiwa limepoa, gonga chombo cha masega kwa ngumi au nyundo ya mpira. Kikipiga kelele kama njuga, tofali la ndani limevunjika. Kikiwa chepesi mno na kinatoa mwangwi mtupu, kuna aliyekutangulia: kimechokonolewa na kufungwa tena. Hili ni la kawaida mno kwenye magari yaliyopita mikono mingi.

Hatua ya 2: Masega yakifa, tafuta aliyeyaua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu ananunua masega mapya, baada ya miezi taa inawaka tena, analalamika kuwa amepigwa feki. Inawezekana kweli amepigwa. Lakini masega hayafi bure.

Muuaji wa kwanza ni kumisi. Silinda ambayo plagi au koili yake haichomi inasukuma petroli mbichi kwenye ekzosi, petroli hiyo inawakia ndani ya masega, na tofali la kauri linayeyuka. Gari linalomisi halitakiwi kutembezwa "mpaka mwisho wa mwezi". Taa ya injini ikiwa inapepesa badala ya kuwaka mfululizo, hiyo ndiyo lugha ya gari ya kukwambia masega yanaungua sasa hivi.

Wa pili ni oili. Injini ya Toyota ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo inajulikana kwa kula oili kupitia ringi, na majivu ya oili yanafunika madini kidogo kidogo. Ukiwa na gari linalokula oili, weka masega mapya baada ya kutengeneza injini, si kabla.

Wa tatu ni kipoozi kinachovuja kwenye gasketi ya silinda hedi. Wa nne ni silikoni ya gasketi iliyopakwa kwa wingi. Mvuke wake unaua sensa ya oksijeni, na sensa iliyokufa inaharibu mchanganyiko. Nunua silikoni iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa, na kwenye ekzosi tumia gasketi halisi.

Kuna wa tano, ambaye sasa ni historia lakini alama zake bado zipo: risasi kwenye petroli. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, kampeni iliyosukumwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kutoka makao yake Nairobi. Gari lililoingia nchini kabla ya hapo na kunywa petroli ya zamani huenda masega yake yalikufa miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyejua.

Wenye X-Trail ya kwanza yenye injini ya QR25DE wana kesi maalumu. Masega yake madogo yaliyo kwenye manifoldi yakianza kumomonyoka, vumbi la kauri linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kukwangua kuta. Hapo usisubiri kuziba. Ukisikia yanacheza, ondoa gari barabarani uyabadilishe.

Hatua ya 3: Amua unabaki na masega gani

Masega ni mazima? Yaache mahali pake na uruke hadi hatua ya 4. Sina ushauri mwingine. Kwenye injini ya cc 1500 au 1800 isiyo na tabo, nguvu utakayoongeza kwa kuyatoa hutaihisi kwenye mguu, ila harufu utaihisi puani kila foleni. Na sauti utakayoipata si ile nzito uliyoitaka. Ni ya kopo, inayovuma kichwani ukifika kilomita 80 kwa saa.

Kuna kifaa kidogo cha chuma kinachosogeza sensa ya nyuma mbali na moshi ili taa ya injini isiwake. Kinauzwa sana na kinafungwa kwa dakika kumi. Kazi yake ni kuziba mdomo wa sensa. Masega yaliyokufa yanabaki yamekufa, na siku yakiziba hutapata onyo.

Masega yamekufa? Una njia tatu. Ya kwanza ni ya kiwandani, mapya au yaliyotumika kutoka kwenye gari lililovunjwa. Yaliyotumika ni bahati nasibu, kwa hiyo yaangalie kwenye mwanga: chungulia upande mmoja ukiwa umemulika tochi upande wa pili. Vijitundu vionekane vyote, visiwe vimeyeyuka, na visiwe na rangi ya oili. Ya pili ni masega mapya ya jumla, ambayo hukatwa na kuchomelewa. Chagua kwa ukubwa wa injini, si kwa kipenyo cha bomba tu, na uheshimu mshale wa mwelekeo uliochorwa kwenye bati. Ya tatu ni masega ya chuma yenye vijitundu 200 kwa inchi ya mraba, yanayopitisha moshi kwa urahisi zaidi. Hayo yanafaa gari la tabo. Kwenye Corolla ni kupoteza fedha, na kwa gari lenye sensa ya nyuma P0420 inaweza kuwaka hata yakiwa mapya.

Popote utakaponunua, yakae palepale yalipokuwa ya zamani. Ukiyasogeza nyuma sana ili upate nafasi, yatachelewa kupata joto, na safari fupi za mjini yatakuwa pambo.

Masega ya zamani ni yako. Ondoka nayo, au yauze mbele yako na upewe risiti. Usiyapasue nyumbani kutafuta madini: vumbi la kauri na sufi inayolishikilia tofali si vya kuvuta puani.

Hatua ya 4: Panga sehemu ya nyuma

Sasa tufike kwenye raha yenyewe.

Kipenyo cha bomba ndicho kosa linaloonekana zaidi barabarani. Watu wanaweka bomba la inchi 3 kwenye injini ya 1NZ kisha wanashangaa gari limekuwa zito kwenye mlima. Bomba pana kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi kwenye mizunguko ya chini, na huko ndiko unakoendesha kila siku. Kwa 1500 hadi 1800 isiyo na tabo, milimita 50 zinatosha kabisa. Kwa 2000 kama 1G-FE ya Mark II, nenda hadi 57. Inchi 3, yaani milimita 76, ni ya Forester au Impreza ya tabo.

Ukitaka sauti nzito isiyo ya fujo, baki na risoneta ya kati na ubadilishe sailensa ya nyuma tu. Risoneta ndiyo inayoua ile mvumo ya kwenye mwendo wa barabara kuu. Ukiitoa kwa sababu fundi amesema "inabana", utasafiri Dar hadi Morogoro na maumivu ya kichwa. Kona zikunjwe kwa mashine inayolinda kipenyo. Bomba lililokunjwa likabonyea ndani lina kipenyo cha pale lilipobonyea, hata ungelinunua pana kiasi gani.

Chuma: bomba lililopakwa aluminiamu la unene wa milimita 1.5 linadumu na bei yake inavumilika. Stenlesi ni bora zaidi, hasa kwa wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako chumvi inakula bomba la kawaida kwa kasi. Bomba la maji la galvanaizi likatae hata likiwa la bure. Zinki yake ikipata moto wa kuchomelea inatoa moshi mweupe unaomtia fundi homa na kutetemeka usiku huo.

Tundu la mwisho litoke nje ya bodi na lielekee nyuma au pembeni, lisiishie chini ya buti. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na gari likitembea hewa ya nyuma huvutwa kurudi kwenye buti. Raba za mlango wa buti zikiwa zimechakaa, zibadilishe siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kufungua bila kuvunja

Gari lipoe. Ekzosi iliyotoka safari inaunguza ngozi hata baada ya nusu saa. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi, au nenda kwenye shimo.

Nati za ekzosi za gari la miaka ishirini zimeshikana na stadi zake. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Tumia spana boksi ya pembe sita, kwa sababu ya pembe kumi na mbili italamba kona za nati. Ikigoma, moto kidogo kwenye nati, si kwenye stadi, mbali na mipira ya petroli. Stadi za kwenye manifoldi ziogope: ikikatika moja, kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

Sensa ifungue kwa spana yake maalumu ya milimita 22 yenye mwanya wa kupitishia waya, na injini ikiwa na joto kidogo. Baadhi ya Toyota zimefunga sensa kwa flanji ya nati mbili. Usining'inize bomba kwa waya wa sensa hata kwa dakika moja.

Hatua ya 6: Sensa

Ukinunua sensa mpya, hakikisha ya mbele ni ya aina ileile. Kuna ya kawaida inayopanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, na kuna ya kisasa zaidi inayopima uwiano wa hewa na petroli. Uzi ni uleule, M18 kwa 1.5, zinaingia sawasawa, na gari litatembea vibaya bila kukwambia kwa nini.

Sensa ya jumla isiyo na plagi inahitaji kuunganishwa waya kwa waya. Kwa Denso, nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni ya chini (erthi). Kwa Bosch na NTK, nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni ya chini. Usichomelee kwa risasi. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya, na risasi inaiziba. Bana kwa viungo vya kubana, kisha funika.

Kama bomba ni jipya, tundu la sensa litobolewe upande wa juu, sensa ikae imeinama angalau nyuzi 10 juu ya mlalo ili maji ya asubuhi yasituame ndani yake. Paka grisi ya shaba kwenye uzi tu, isiguse ncha. Kaza kwa Nm 40 hivi. Waya upite mbali na bomba na ufungwe kwenye vibanio vyake vya asili.

Hatua ya 7: Kuchomelea

Chomoa betri kabla ya mashine kuwashwa, na klampu ya mashine ishike bomba lenyewe karibu na kidonda, isishike bodi. Umeme wa kuchomelea unaopita kwenye gari zima unatafuta njia, na njia mojawapo ni kontroli boksi. Toa sensa zote kwanza. Kizima moto kiwe karibu, na kama bomba linapita karibu na tangi, kazi hiyo ifanyike bomba likiwa nje ya gari.

Pima bomba likiwa limening'inia kwenye raba zake, shika kwa nukta chache, teremsha, malizia benchi. Bomba linapopata joto linarefuka, kwa hiyo acha nafasi ya vidole viwili kati yake na kila kitu: bodi, propela, mipira ya breki. Fleksi ya mbele, kile kipande cha bomba kinachonyumbulika, ikiwa imechanika ibadilishe. Ukiikwepa kwa kuchomelea bomba gumu, mtikisiko wa injini utahamia kwenye manifoldi na siku moja utapasuka hapo.

Bati za kukinga joto zirudi zote. Kila gereji ina rundo la bati hizo kwenye kona, za wateja walioambiwa "zinapiga kelele tu". Masega yanapofanya kazi yanafika nyuzi mamia kadhaa, na juu yake kuna zulia la gari lako. Bati likipiga kelele, lifunge kwa klampu ya chuma.

Kwa wenye Subaru ya tabo

Baadhi ya Forester na Impreza za tabo za kipindi hiki zina masega madogo kwenye bomba linalopandisha moshi kwenda kwenye tabo. Yakivunjika, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye tabo. Hii ni sehemu pekee ambayo mafundi wanaosema "toa" wana hoja ya kiufundi, na hata hapo, masega makuu yaliyo baada ya tabo lazima yabaki, yakiwa mazima. Jua pia kwamba kulegeza njia ya moshi kwenye tabo kunaweza kupandisha busti, presha ya hewa inayosukumwa na tabo, kupita kipimo. Gari likikata nguvu ghafla ukikanyaga, hiyo ni kontroli boksi inalinda injini. Usilinyamazishe; lipeleke kwa anayejua kupanga busti na mafuta kwa kupima.

Hatua ya 8: Hakiki

Washa gari likiwa baridi. Ziba tundu la nyuma kwa kitambaa kinene, huku mwenzako akipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yakitoka, panavuja. Uvujaji wa mbele ya sensa ndio mbaya zaidi: kati ya mapigo ya moshi, hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inadhani mchanganyiko una petroli kidogo, na kontroli boksi inaongeza petroli. Ukisikia mtu amebadili ekzosi na gari likaanza kunywa, anza kutafuta hapo.

Masega mapya yapashe taratibu: dakika chache sailensi, kisha mizunguko 2500 kwa dakika chache, halafu yaache yapoe kabla ya kuyafanyisha kazi nzito. Sufi inayoshika tofali hutanuka na kukaa vizuri.

Ukiweza kupata gereji yenye mashine ya kupima moshi, usipite bila kupima. Kipimo cha kujilinganisha nacho ni cha ukaguzi wa Japani, shaken, gari lilikotoka: kwa magari yaliyotengenezwa chini ya kanuni za 1998, kaboni monoksidi isizidi asilimia 1 na mabaki ya petroli yasizidi ppm 300 (sehemu 300 katika milioni) injini ikiwa sailensi. Kwa ya zamani zaidi ni asilimia 4.5 na ppm 1200. Gari lenye masega mazima yenye joto hukaa chini sana ya hapo. Upande wa kelele, kipimo cha shaken kwa magari ya abiria yaliyotengenezwa chini ya kanuni za 1998 yenye injini mbele ni desibeli 96.

Kisheria usidhani hakuna anayeangalia. Tanzania ilitunga kanuni za viwango vya ubora wa hewa mwaka 2007, Kenya ikatunga zake mwaka 2014, na gari kuukuu linaloingia Kenya hukaguliwa kwa kiwango cha KS 1515. Aliyeko Uingereza atafelishwa MOT, ukaguzi wa magari wa kila mwaka, kama masega ya kiwandani hayapo. Marekani, kuyatoa ni kosa chini ya sheria ya shirikisho, kwa gereji pia.

Soma kodi tena baada ya wiki ya matumizi ya kawaida, si siku hiyohiyo, kwa sababu kontroli boksi huhitaji safari kadhaa kabla ya kuhukumu masega. Baada ya kilomita 500, rudi kwenye shimo gari likiwa la baridi, kaza nati za flanji zote, angalia raba kama zimekaa, na tazama kama kuna alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo chochote. Ukiwa hapo chini, chora namba ya usajili wa gari kwenye bati la masega kwa kalamu ya kuchongea chuma, kisha lipige picha.